Ukitaka Kupanda Meru, Jifunze Kwanza Kushuka

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimeona picha zako za Mlima Meru, kule Arusha. Nataka kwenda Desemba, nipe siri." Siri! Ningekuwa nayo mwaka juzi nisingeitwa Komredi Nusu Kilele.

Jina hilo nilipewa na wenzangu wa kazini. Kilele cha Meru, mita 4,562, kinaitwa Socialist Peak, na mimi safari ya kwanza niliishia Cobra Point, njiani kabla ya kilele, nimeinama natapika huku wao wakinipita mmoja mmoja. Hakuna aliyesimama. Aliyenishika mkono kunirudisha alikuwa mwongozaji msaidizi, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Jioni yake wenzangu walirudi na picha, nami nikawapongeza. Nilicheka hata na jina lile. Nani angejua?

Mwezi uliopita nikarudi bila wao. Siku mbili za mwanzo sina la kusimulia: msitu, ngazi za mbao, chai, ngazi tena, na askari wa hifadhi na bunduki yake kwa ajili ya nyati.

Usiku wa kilele tuliamshwa saa saba pale kambi ya Saddle, mita 3,570. Baridi ya kung'ata masikio. Mpaka Rhino Point ni kupanda tu. Baada ya hapo njia inashuka kidogo, halafu unafika kwenye miamba inayotaka mikono kama inavyotaka miguu. Kushoto kwako ni kreta, shimo la volkano, na gizani huioni. Afadhali. Nilikuwa natazama visigino vya mwongozaji na kuhesabu: hatua hamsini, pumzi, hatua hamsini. Kwenye majivu ukipiga hatua, nusu yake inarudi. Cobra Point nilipita bila kugeuza shingo.

Tulifika juu saa kumi na mbili na robo. Nyuma yetu Kilimanjaro ilikuwa imeelea juu ya mawingu, jua linachomoza upande wake. Nililia. Mwongozaji akajifanya anafunga kamba za viatu.

Sasa ushauri. Nenda polepole. Najua umeshaambiwa, nakwambia tena: polepole. Kunywa maji kabla ya kiu, na chupa uiweke kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu na mdomo utaziba. Ukiweza chukua siku nne badala ya tatu. Na uende polepole.

Lakini jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kushuka. Ile miamba ya usiku sasa unaiona, pamoja na kreta yote chini yako na ile koni ya majivu katikati. Magoti yakaanza kutetemeka kabla hata ya Rhino Point, ambako, kwa taarifa yako, unapanda tena. Ukifika Saddle unadhani umemaliza, kumbe bado unateremka mpaka kambi ya Miriakamba, mita 2,514. Piga hesabu: zaidi ya mita 2,000 za kushuka kwa siku moja, na ulilala kwa muda wa saa nne tu. Kwa hiyo kata kucha za miguu kabla ya safari, chukua fimbo mbili, na mazoezi yako ya ngazi yawe ya kushuka pia. Mimi sikukata. Kucha la dole gumba la kulia ni jeusi mpaka leo.

Na ninyi mnaokwenda kwa makundi, mwenzenu akiinama kutapika, simameni. Mlima haukimbii. Picha utapiga, lakini yule uliyemwacha kwenye mawe atakukumbuka kwa mgongo wako. Nasema kwa sababu migongo yao naikumbuka, hata rangi za mabegi.

Picha yangu ya kileleni niliituma kwenye lile grupu la kazini jioni ile, mtandao uliporudi. Ishirini na watatu wameiona. Wamejibu wawili.