Injini ya mvuke ya chuma chakavu: anza na hewa, moto uje mwisho

Kijana akija kwenye kibanda changu hapa Katwe, Kampala, kuniambia anataka kutengeneza injini ya mvuke, mara nyingi anakuja tayari amekumbatia mtungi. Ama ni wa gesi ya kupikia, ama wa kuzimia moto, ama tangi la kompresa kuukuu alilonunua kwa wauza vyuma vya kilo. Ameshachagua na mahali pa kuchomelea bomba. Silinda hana, pistoni hana, flaiwili (gurudumu zito la kuendeleza mzunguko) hana, ila moto anautaka leo leo. Namwomba auweke mtungi chini tuanzie upande wa pili.

Ushauri wangu wote katika kazi hii unatoka hapo. Tengeneza injini kwanza, uizungushe kwa hewa. Habari ya boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, isubiri mpaka injini iwe inazunguka mbele ya macho yako, maana hapo ndipo utakapojua inahitaji mvuke kiasi gani. Ni mdogo sana kuliko unavyodhani, na ukiujua huo udogo hutautafuta tena ule mtungi.

Aina inayomfaa mtu wa nyumbani ni injini ya silinda inayoyumba. Silinda hushikwa na ekseli moja fupi, nayo huinama kushoto na kulia kadiri krenki, ule mkono unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, inavyozunguka. Ubavuni ina tundu moja. Imeegemea bamba la chuma lenye matundu mawili, moja la kuleta mvuke, jingine la kuutoa nje. Silinda ikiinama huku, tundu lake linakutana na lile la kuingiza, pistoni inasukumwa. Ikiinama kule, linakutana na lile la kutolea, mvuke uliokwisha kufanya kazi unaondoka. Hakuna vali ya kutengeneza wala kamshafu. Kuna nyuso mbili bapa tu zinazosuguana, zikibanwa na springi ndogo.

Silinda yenyewe naitafuta ndani ya shokapu mbovu ya boda. Kule kwenye soko la vipuri la Kiseka na kwa mafundi wa boda zimejaa. Ndani yake mna bomba lililosuguliwa likalainika kabisa, kazi ambayo kwa tupa huiwezi. Chukua shokapu ya mafuta ya kawaida. Zile zenye chupa ya gesi pembeni hubaki na presha hata zikiwa mbovu, ziache. Na springi ya nje itolewe kwa kibano cha fundi, si kwa bisibisi na bahati. Pistoni ya shokapu haifai kwa sababu ina vitundu vya kupitishia mafuta. Mpe fundi wa kukereza kipande cha shaba ya manjano akukereze nyingine, yenye mfereji mmoja wa kuvingirishia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Tepu hiyo huvumilia joto hadi karibu nyuzi 260 za Selsiasi, na haikwaruzi silinda.

Sasa matundu, na hapa usiwe na haraka, kwa sababu injini nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa hazizunguki zina tatizo hapa. Tuseme mkono wa krenki ni mm 20, kwa hiyo pistoni inatembea mm 40, na kutoka ekseli ya silinda hadi katikati ya krenki ni mm 100. Silinda itainama nyuzi 11 na nusu kila upande. Tundu lake likiwa mm 30 kutoka kwenye ekseli, litasogea mm 6 kushoto na mm 6 kulia. Basi chora kwa bikari tao la mm 30 juu ya bamba, utoboe mm 6 kila upande wa mstari wa kati, kwa keekee ya mm 5, ile ile uliyotobolea tundu la silinda. Ukitumia ya mm 7 ukidhani unaongeza nguvu, matundu yote mawili yatafunguka pamoja silinda inapopita katikati, na mvuke utatoroka moja kwa moja bila kuigusa pistoni.

Nyuso mbili zinazosuguana zisawazishe juu ya kioo kinene cha dirisha. Laza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, sugua uso wa chuma kwa mizunguko mpaka mistari ya zamani yote ipotee, kisha malizia na namba 800. Kazi hii inachosha mkono, lakini ndiyo inayoamua kama presha itabaki ndani.

Krenki ikae kwenye beringi mbili za 6202, ambazo ndani ni mm 15 na nje mm 35. Zinauzwa kila mahali na hata zilizotumika zinafaa. Kwa flaiwili, puli nzito ya chuma kutoka mashine za kusaga mahindi za Kisenyi haina mpinzani. Tafuta yenye kipenyo cha sm 25 hivi, nitakueleza sababu.

Hewa sasa. Nenda kwa mtu wa panchari mwenye kompresa, mwombe akupe presha ya bar moja (karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka), upake maji ya sabuni kila kiungo. Povu litakuonyesha panapovuja. Injini iliyofanyika vizuri huanza kuzunguka chini ya nusu bar, na ikishazoea utaiendesha hata kwa tyubu ya pikipiki iliyojazwa. Usiende kwenye moto kabla ya kufika hapo. Kama inakwama kwa hewa, kwa mvuke itakwama zaidi, kwa sababu joto litapanua vyuma na maji yatakaa ndani ya silinda.

Ikishazunguka tupige hesabu. Silinda ya kipenyo cha mm 25 ina eneo la sentimita mraba 4.9. Kwa bar 2, pistoni inasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 10. Ikizunguka mara 300 kwa dakika, kwenye karatasi hiyo ni wati karibu 20. Misuguano na joto linalopotea vitakula sehemu kubwa, utabaki na wati chache. Lakini dinamo ya baiskeli inahitaji volti 6 na wati 3 tu! Na ukingo wa flaiwili ya sm 25 kwa mizunguko hiyo unakimbia karibu kilomita 14 kwa saa, mwendo wa kawaida wa baiskeli, ambao ndio dinamo iliundwa kwa ajili yake. Ibane dinamo pale ukingoni na taa itawaka.

Maji yanayohitajika? Kiasi cha gramu 10 kwa dakika. Mara mbili yake tukihesabu mvuke unaogeuka maji kwenye silinda iliyopoa. Vijiko vinne vidogo vya chai. Hiyo ndiyo kazi yote ambayo mtungi wa lita 20 ungeitiwa.

Nataka uelewe kwa nini nakataa ule mtungi. Kitako bapa chenye kipenyo cha sm 30, kwa bar 2 tu, kinasukumwa kwa nguvu ya uzito wa tani 1.4. Ni kama kutundika gari dogo kwenye mshono mmoja wa kuchomelea, tena kwenye chuma ambacho hujui kutu imekula kiasi gani kwa ndani. Halafu kuna jambo baya zaidi. Kwa presha hiyo maji yana nyuzi 134. Mtungi ukipasuka, presha inaanguka ghafla, na sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo. Lita 10 za maji zitatoa karibu lita 1,000 za mvuke kwa kufumba na kufumbua, ndani ya ua ambamo watoto wa jirani wamesimama kutazama. Kwa hiyo hata mchomeleaji hodari akikuhakikishia mshono wake, jibu langu ni hapana. Sufuria ya alumini na viungo vya risasi ya kulehemu redio navyo hapana. Risasi hiyo huyeyuka karibu nyuzi 183, na moto wa makaa unafika huko bila taabu.

Boila yangu ni mrija wa shaba nyekundu uliosokotwa, ule wa robo inchi unaotoka kwenye friji na viyoyozi. Mita 3 zake hubeba maji sentimita za ujazo 54 hivi, hata nusu ya kikombe cha chai hayafiki. Ukipasuka utafoka na kuunguza aliye karibu, kwa hiyo bado ufunike kwa bati na uvae miwani, lakini hauangushi ukuta. Na kwa bar 2 ukuta wa mrija mwembamba namna hiyo unabeba mzigo mdogo mno ukilinganisha na uwezo wa shaba.

Mrija uununue kwa fundi wa friji aliyekwisha kuondoa gesi, usiukate mwenyewe kwenye friji iliyotupwa. Friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo hushika moto, na baadhi ya gesi nyingine zikipata moto hugeuka sumu. Uoshe ndani mafuta yatoke. Upashe moto mpaka uwe mwekundu hafifu, uutumbukize majini, utalainika. Ujaze mchanga mkavu mwembamba, ziba ncha, kisha uuzungushe polepole juu ya bomba la inchi tatu. Mchanga unazuia mrija kujikunja na kujiziba. Ukimaliza toa mchanga wote, suuza tena na tena, maana punje moja itakwaruza silinda uliyoihangaikia.

Maji yanaingizwa na pampu ya mgongoni ya kunyunyizia kahawa dawa, ambayo hutoa bar 2 bila shida. Lakini iwe mpya. Iliyowahi kubeba dawa ya nyanya usiitumie hata ukiiosha mara kumi, kwa sababu utakuwa unachemsha sumu na kuivuta. Kati ya pampu na moto weka koki ndogo ya kupunguza maji, vali ya shaba isiyoruhusu maji kurudi nyuma, na mrija wa ziada usiopata joto, ili plastiki isikutane na mvuke.

Vali ya usalama usiichukue kwenye kompresa ukaifunga vivi hivi. Nyingi zimewekwa zifunguke karibu bar 8, kwako hazitafunguka kamwe. Tengeneza ya uzito: tundu la mm 6, gololi ya chuma ya beringi imekaa juu yake, na uzito wa gramu 580 ukiikandamiza wima. Itafunguka kwa bar 2, nawe unaweza kuithibitisha kwa mizani ya dukani. Kipimo cha presha kiunganishe kupitia mrija uliopigwa pindo moja la duara. Maji yatakaa kwenye pindo na kukikinga dhidi ya mvuke.

Kabla ya moto, omba fundi bomba akuazime pampu yake ya kupimia mabomba. Ziba vali ya uzito kwa muda, uondoe na kipimo kama mwisho wake ni mdogo, ujaze mrija maji pasibaki hewa, upandishe hadi bar 4, uache ukae. Kwa maji, kiungo kikiachia kinadondosha tu, kwa sababu maji hayabanwi yakaweka nguvu jinsi hewa inavyofanya. Kisha vali uifungue tena, na uhakikishe umeifungua.

Moto ni sigiri ya kawaida yenye makaa na feni ndogo ya kompyuta ikipuliza chini. Silinda ivishe kitambaa cha pamba na kamba ya katani. James Watt, aliyepata hataza yake mwaka 1769, alianzia kwenye jambo hilo hilo: mvuke mwingi ulikuwa unaishia kuipasha moto silinda iliyopoa badala ya kusukuma. Mafuta ya injini huoshwa na mvuke upesi, kwa hiyo tumia oili nzito ya giaboksi iliyochanganywa na mafuta kidogo ya ng'ombe. Injini za kale zililainishwa kwa mafuta ya mnyama.

Ukiwasha, sikiliza bomba la kutolea. Likitema maji, punguza koki. Likitoa mvuke mkavu usioonekana huku mrija ukianza kuwa mwekundu, umechelewa kuongeza. Usiufungulie maji ghafla, ondoa makaa kwanza uuache upoe. Wakati wa kuzima, makaa yatoke kabla ya maji kukatika, uendelee kupampu taratibu mpaka mrija ushikike. Toa maji yote, na silinda ikiwa bado vuguvugu itie mafuta na uizungushe kwa mkono, la sivyo kesho utaikuta imeshikwa na kutu.