Swali la Lugha: Je, Edith maana yake ni "vita vya utajiri"?

Swali: Bibi yangu mzaa mama aliitwa Edith, lakini cheti chake cha ubatizo kimeandikwa Editha. Nimeambiwa kwamba maana yake ni "vita vya utajiri". Je, ni kweli, na tahajia ipi ni sahihi?

Jibu: Vita na utajiri vimo kweli ndani ya jina hilo, kilichopachikwa ni hiyo "vya". Katika Kiingereza cha kale jina liliandikwa Eadgyth: ead ni mali, ustawi au heri, na gyth ni vita. Binafsi ningeifasiri ead kwa neno "neema", ambalo nalo hubeba mali na baraka kwa pamoja.

Waingereza wa zama hizo waliunda majina kwa kuunganisha vipande viwili, mara nyingi kimojawapo kikirithiwa katika ukoo, bila kujali kama vikikaa pamoja vinaleta maana moja. Mfalme Edgar wa Uingereza, ambaye jina lake ni ead na mkuki, alikuwa na mwana aliyeitwa Edward, yaani ead na mlinzi, na binti aliyeitwa Edith, mtawa wa Wilton aliyefariki mnamo 984 na kuheshimiwa kama mtakatifu. Ukiyapanga majina hayo matatu, utaona kwamba ead ndiyo iliyokuwa alama ya nyumba ile. Pwani tunao Mwanaheri, Mwanaidi na Mwanahamisi, ingawa "Mwana" ya kwetu haimtambulishi mtu kuwa wa ukoo fulani.

Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya kale yalipoteza hadhi, hata Edith wa Uskoti, aliyeolewa na Mfalme Henry wa Kwanza mwaka 1100, akajulikana kama Matilda. Karne ya 19 ndiyo iliyolirudisha jina hili katika matumizi mapana. Kwa mfano, muuguzi Mwingereza Edith Cavell, aliyepigwa risasi na Wajerumani mjini Brussels mwaka 1915, alizaliwa mwaka 1865.

Kuhusu tahajia, zote mbili ni sahihi. Editha ni umbo la Kilatini, nalo huwa jepesi kinywani mwetu kwa kuwa linaishia na irabu, ilhali Edith wengi huitamka "Edithi". Th yake ni ile ya "thamani", kwa hiyo "Edisi" ni kosa la matamshi. Ukiandika habari za bibi, tumia umbo alilojiita mwenyewe, na ukinukuu cheti, andika Editha kama kilivyo.