"Daktari Amekukataza?" Jiulize Hili Kabla Hujaacha Nyama

Mama ntilie ninayekula kwake mchana aliniuliza siku ya kwanza kabisa: "Mboga gani, kaka?" Kwetu, kama unavyojua, mboga ni chochote kinachoshusha ugali. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, hata mtindi ni mboga. Nikamwambia nyama situmii.

"Haya, nikuwekee kuku."

Kuku naye situmii.

"Samaki?"

Hapana, mama. Akaweka upawa chini, akashusha sauti ili wateja wengine wasisikie: "Daktari amekukataza?"

Huu ni mwaka wa saba sijala nyama, na maswali ninayoulizwa ni yaleyale matatu. Daktari amekukataza? Umekuwa Msabato? Au ndiyo mambo yamebana? Ugonjwa, dini, ukata. Mtu mzima, tena Mchaga, mwenye hela ya robo kilo mfukoni, akiacha nyama kwa hiari yake tu, watu hawajui wamweke fungu gani.

Zamani maswali hayo yalinikera. Siku hizi nayaona ya maana kuliko ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni, kwa sababu yanagusa jambo ambalo mimi mwenyewe nililiruka: unaacha kwa sababu ipi? Sababu ndiyo itakayokwambia uache nini, kiasi gani, na ufanye nini siku ukikuta mfupa kwenye maharage.

Mara ya kwanza niliacha Oktoba 2015. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, lilikuwa limetangaza kwamba nyama za kusindikwa zinasababisha saratani. WhatsApp ikajaa: nyama sasa ni sawa na sigara! Nikaacha kila kitu kesho yake. Siku ya kumi na tisa nikajikuta nimekaa mbele ya sinia la nyama choma na ndizi, pilipili pembeni, natafuna kwa kasi kama mtu anayefukuzwa.

Baadaye ndipo nilipoisoma habari yenyewe kwa utulivu. Zilizozungumziwa hasa ni soseji, bekoni, nyama za kopo na jamii hiyo. Kula gramu 50 za namna hiyo kila siku kunapandisha uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Kuwekwa kundi moja na sigara maana yake ushahidi una uhakika uleule. Si kwamba madhara yanalingana. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa kundi la chini yake, la "huenda". Na mimi soseji nilikuwa nakula labda mara mbili kwa mwaka, kwenye harusi za watu! Nilikuwa nimekopa hofu ya mtu mwingine, na uamuzi wa hofu ya kukopa hauna uchungu sana kuuvunja.

Baba yangu mkubwa yeye hakukopa. Alipata jongo, hii wanayoiita gauti, kidole gumba cha mguu kikavimba kikawa chekundu, usiku hata shuka likikigusa anapiga kelele. Akaambiwa aachane na maini, figo na utumbo, apunguze nyama nyekundu na bia. Akatii. Lakini Jumapili anakula vipande viwili vya nyama bila wasiwasi, na yuko salama. Sababu yake ni afya, na afya inapimwa kwa kiasi. Ukimwambia mtu wa namna hii kwamba kijiko cha mchuzi "kimemharibia", unamsumbua bure.

Jirani yangu Msabato yuko tofauti. Kanisa lake linaruhusu wanyama safi wa Walawi 11, kwa hiyo mbuzi na ng'ombe si dhambi. Ila tangu enzi za Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa hilo, miaka ya 1860, wanahimizwa kupenda nafaka, matunda na mboga za majani, na yeye ameamua kwenda hadi mwisho. Hababaishwi na harufu ya mishikaki kwa sababu hajakatazwa, ameahidi. Ila niliowavulia kofia kabisa ni Wajaini, watu wa dini ya zamani kutoka India. Nilifanya kazi miaka miwili na mmoja wao, maeneo ya Kisutu. Hali nyama, samaki wala mayai, na juu ya hapo hali kitunguu, viazi wala karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na vidudu vilivyo kwenye udongo wake. Nikimwangalia anavyofungua chombo chake cha chakula mchana, dengu na chapati, naona aibu kujisifia.

Sababu yangu ilinikuta mwaka 2018 kwenye foleni ya Kibaha, usiku. Basi lilisimama ubavuni mwa fuso lililobeba ng'ombe, nadhani wanaelekea mnada wa Pugu. Mmoja alikuwa ameanguka na wenzake wamemkanyaga. Kijana aliyekaa juu ya bomba alikuwa anamsokota mkia ili ainuke, na hainuki. Kichwa chake kilikuwa kimebanwa kwenye nondo, jicho liko sawasawa na dirisha langu, kila akipumua kioo kinaingia ukungu, kinaondoka, kinaingia tena. Tulikaa hivyo kama dakika arobaini. Mapajani nilikuwa na mishikaki niliyonunua Chalinze, bado ina joto. Sikulia, wala sikuapa. Niliikunja tu ile karatasi nikaiweka chini ya kiti, na tangu siku hiyo sijawahi kupambana na hamu.

Sisemi kila mtu akakae kando ya fuso. Nasema ukiiona sababu yako utaijua, maana haihitaji kukumbushwa.

Wapo wanaoacha kwa ajili ya mazingira. Mwaka 2013 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, na vijana wengi wa mjini wanalishika hilo. Nawaheshimu. Ila nikimsikia mtu anataka kumhubiria mfugaji wa Simanjiro, kwenye ardhi isiyotoa mahindi ya kueleweka, naona hapo amekosea mlango. Wapo pia wanaoachana kabisa na maziwa, mayai na hata asali, hawa ndio vigani. Mimi maziwa nakunywa, na mayai ya kuku wa mama nakula. Vigani huniuliza ndama anabaki na nini, na jibu sina.

Sasa kosa langu kubwa, ambalo sitaki ulirudie. Miezi minane baada ya kuacha, nilikuwa nikipanda ngazi za ofisini naona nyota. Nikapima, damu imeshuka. Nesi akaniuliza nakula nini. Chipsi, chapati, wali maharage, na kila mlo chai ya rangi juu yake. Akacheka. Nilikuwa nimeondoa nyama na pengo nikaliziba kwa viazi! Isitoshe, chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai inywe walau saa moja baada ya kula, na kwenye maharage kamulia ndimu, inasaidia. Badilisha jamii ya kunde: leo kunde, kesho choroko, keshokutwa mbaazi, na karanga au ufuta usizikose. Vitamini B12 usitegemee kuipata kwenye mimea. Akiba yake ini linaweza kuitunza kwa miaka, ndiyo maana vigani anaweza kujiona mzima wakati anaelekea pabaya. Vidonge vipo duka la dawa. Mjamzito au mwenye mtoto mdogo aanze kwa kuongea na daktari, asianze na makala yangu.

Jikoni, jifunze kupika, hakuna njia ya mkato. Nyama ilikuwa inanifichia uvivu: chumvi, tangawizi, maji, basi. Mbaazi za nazi zinataka uziloweke usiku, uzichemshe ziive kabla ya chumvi, kisha tui jepesi kwanza na zito mwishoni, moto mdogo. Ukila nje, uliza waziwazi. Kisamvu wakati mwingine kina dagaa waliosagwa, na maharage ya hotelini yanapenda kuungwa kwa supu ya mifupa. Atakwambia "hakina nyama" kwa nia njema kabisa, kwa sababu kwake supu si nyama.

Lakini jikoni ni kwepesi. Kazi iko nyumbani Moshi, Desemba.

Wasio wa huko wanadhani tunakula nyama tu. Mbuzi anayechinjwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, anagawanywa, kila kiungo kina mwenyewe, na ukipewa chako umeambiwa wewe ni nani humu ndani. Mwaka wa kwanza nilikataa mbele ya wazee, kwa sauti, na maelezo yangu yote ya Kibaha. Baba mdogo akaweka kisu chini. Hakuna aliyesema neno. Mama akanifuata nyuma ya nyumba: "Baba, fungu halikataliwi. Linapokelewa. Ukishalipokea ni lako, fanya unavyotaka."

Mwaka uliofuata nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikamkabidhi mtoto wa dada yangu aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Hakuna aliyenuna. Mama alikuwa amenipikia kiburu, ndizi na maharage, chakula cha babu zetu kisicho na nyama hata chembe na ambacho nilikuwa nimesahau kwamba kipo.

Desemba iliyopita baba mdogo alikata fungu langu, akataja jina langu kwa sauti kama ilivyo desturi, halafu akaliweka moja kwa moja kwenye sahani ya yule mtoto bila hata kunitazama.