Paseli iliyojikunja: majibu ya barua zenu

Barua nyingi safari hii zinahusu paseli, ile ya majani yaliyojikunjakunja kama nywele za kipilipili. Kabla ya yote, tuelewane kuhusu jina. Baadhi ya waandishi wametuuliza kuhusu paseli, lakini ukisoma maelezo unagundua wanachokizungumzia ni kotmiri, yaani dania, mmea unaotoa giligilani. Mimea hii ni ya ukoo mmoja, pamoja na karoti, ila tabia zake bustanini hazifanani hata kidogo, na hapo ndipo wengi wanapoanza kukosea.

Nimesia mbegu za paseli wiki mbili zilizopita na hakuna hata mche mmoja. Kotmiri niliyoipanda siku hiyohiyo imeshachomoza. Je, nimeuziwa mbegu mbovu? *Msomaji, Tabata*

Usifukue bado. Paseli huchukua wiki mbili hadi nne kuota, na ganda la mbegu yake lina kemikali za asili zinazozuia kuota mpaka maji yazisuuze. Mwenye udongo huu wa joto akisia mbegu kavu, anaongeza siku za kungoja bure.

Utakaporudia, loweka mbegu kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 24, ukibadilisha maji mara mbili au tatu. Zitandaze kwenye kitambaa mpaka zisishikane vidole, kisha uzisie siku hiyohiyo. Kina kisizidi nusu sentimita hadi sentimita moja. Funika kwa mboji iliyochekechwa, gandamiza kwa kiganja ili mbegu ishikane na udongo, halafu tandaza gunia lililolowa juu yake. Gunia liondolewe siku ileile unapoona ncha za kijani. Ukichelewa, miche inarefuka na kupauka.

Kinachoua mbegu nyingi ni kitalu kukauka mchana mmoja tu. Mbegu iliyokwisha kunywa maji na kuanza kufunguka haiwezi kurudi ikalala. Nyunyiza asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu madogo. Joto nalo ni adui: udongo ukipita nyuzi 30, uotaji unashuka sana, kwa hiyo kwa Dar es Salaam usisie Januari na Februari kwenye jua. Sia Mei au Juni, miche ikue wakati wa baridi ya pwani.

Kuhusu ubovu wa mbegu, tazama tarehe kwenye pakiti. Mbegu ya paseli hupoteza nguvu haraka baada ya mwaka mmoja au miwili. Ukitilia shaka, weka mbegu 20 ndani ya karatasi ya shashi iliyolowa, kwenye kopo lenye kifuniko, mahali pa kivuli. Baada ya wiki tatu zikiwa zimeota chini ya 10, sia mara mbili ya kawaida au nunua nyingine.

Jambo la mwisho: mche mchanga wa paseli hutoka na vijani viwili vyembamba visivyojikunja, na wengi huving'oa wakidhani ni magugu. Changanya mbegu chache za figili kwenye mstari. Figili huota ndani ya siku chache na kukuonyesha mstari ulipo. Nazo utazivuna kabla paseli haijahitaji nafasi.

Sina shamba, nina baraza na ndoo za rangi. Itawezekana? *Mama wa watoto wawili, Mombasa*

Itawezekana vizuri tu, dada, mradi ndoo iwe na kina. Paseli ina mzizi mkuu unaoshuka chini kama wa karoti, hivyo sahani za maua zisizofika sentimita 25 hazifai. Ndoo ya lita 10 inatosha mashina mawili, ya lita 20 matatu au manne. Isugue rangi yote itoke, toboa matundu sita ya ukubwa wa kidole kidogo, kisha jaza udongo wa juu makopo mawili, mboji au samadi iliyooza kabisa kopo moja, na mchanga kopo moja. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi.

Ni afadhali kusia moja kwa moja ndani ya ndoo kuliko kuhamisha, kwa sababu mzizi ukivunjika mmea hudumaa. Sia mbegu kumi, kisha punguza kwa mkasi ubaki na miche imara. Ukilazimika kuhamisha, fanya hivyo miche ikiwa na majani manne au matano, jioni, pamoja na bonge la udongo wake. Shingo ya mmea, pale vikonyo vinapokutana, isizikwe.

Jua la asubuhi kwa muda wa saa nne au tano linatosha. Kuanzia adhuhuri pwani inahitaji kivuli: upande wa mashariki wa nyumba, au neti ya kivuli.

Miche inakatika shingoni na kulala chini. *Msomaji, Morogoro*

Ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa kwenye udongo. Umesia kwa msongamano na unamwagilia kupita kiasi. Iliyoanguka haiponi, ing'oe, nafasisha iliyobaki, mwagilia asubuhi tu, na kitalu kijacho kiwe mahali pengine.

Majani yamegeuka manjano. Wengine wananiambia niweke mbolea, wengine nipunguze maji. Nimsikilize nani? *Msomaji, Kigamboni*

Usimsikilize yeyote mpaka uangalie ni jani gani lililobadilika.

Yakiwa majani ya chini, ya zamani, yanapauka yote sawasawa huku ya katikati ni ya kijani, mmea una njaa ya naitrojeni. Hii huja hasa baada ya kuvuna mara kadhaa. Weka kiganja cha mboji kuzunguka kila shina kila baada ya wiki nne hadi sita. Ukitaka matokeo ya haraka, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha urea katika lita 5 za maji, mimina kikombe kimoja kwa kila shina kwenye udongo uliokwisha kulowa, bila kugusa majani.

Kingo zikiwa zimeungua rangi ya kahawia wakati katikati ya jani ni kijani, shuku chumvi. Visima vingi vya upande wenu vina maji ya magadi, na paseli haivumilii. Tumia maji ya mvua au ya bomba, na mara moja kwa wiki mbili mimina mengi mpaka yatoke chini, yaondoke na chumvi.

Mmea ukinyauka mchana ilhali udongo umelowa, ng'oa mmoja utazame mizizi. Mizizi laini ya kahawia yenye harufu imeoza kwa maji mengi. Ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Hapo usipande paseli, karoti wala nyanya. Kwenye ndoo, mwaga udongo wote.

Na jani likiwa na vitone vidogo vya manjano na utando mwembamba chini yake, huo ni utitiri mwekundu, mdudu wa kiangazi. Mpulizie maji kwa nguvu upande wa chini wa majani kwa siku kadhaa mfululizo. Vidukari hupenda kujificha ndani ya mikunjo ya majani: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja, pulizia jioni, suuza asubuhi. Dawa kali za kiwandani hatuzishauri kwenye jani linaloliwa bichi, tena lenye mikunjo isiyooshwa kirahisi.

Huwa ninakata juu kwa mkasi kama ninavyopunguza ukoka. Mbona haichipui vizuri? *Mwalimu mstaafu, Moshi*

Shikamoo, Mwalimu. Tatizo ni huo ukataji. Paseli haichipui kutoka kwenye kikonyo kilichokatwa nusu. Majani mapya yote hutoka katikati, kwenye moyo wa mmea. Ukikata juu unaondoa majani machanga na kuacha vijiti vinavyokauka na kukaribisha uozo.

Anza kuvuna mmea ukiwa na vikonyo vinane au zaidi, kwa kawaida siku 70 hadi 90 tangu kusia. Shika kikonyo cha nje kabisa, kifuate mpaka chini, ukate sentimita mbili juu ya udongo. Kisha kingine cha nje. Usizidishe theluthi moja ya mmea kwa mara moja, na moyo usiuguse. Vuna asubuhi umande ukishakauka. Hata kama huna haja nayo, ondoa vikonyo vizee kila wiki. Visipoondolewa hugeuka vigumu na vichungu.

Hapa Lushoto paseli yangu imetoa bua refu na maua. Ya shemeji yangu Tanga mjini haijawahi kutoa maua. *Msomaji, Lushoto*

Paseli ni mmea wa misimu miwili: hutoa majani kwanza, na ikishapigwa na baridi kwa wiki kadhaa hutoa maua. Usiku wa Juni na Julai huko kwenu unaweza kuifikisha hapo, wa Tanga hauwezi. Ukikata bua utapata majani kidogo zaidi, lakini ladha imeshaharibika. Afadhali uache mashina mawili yakupe mbegu, na usie mengine. Shemeji naye asie upya kila baada ya miezi sita hadi minane, maana kwa joto la pwani mmea huchoka tu.

Muscat tunapata bakdunis, yaani paseli, ya majani bapa sokoni. Ninayo iliyojikunja nyumbani. Naweza kuitumia kwenye tabule, ile saladi ya Kiarabu ya paseli? Na inahifadhiwaje? *Bibi wa wajukuu watano*

Unaweza, lakini tabule ya asili ni ya majani bapa kwa sababu yana harufu nzito na ni laini mdomoni. Iliyojikunja hukwaruza isipokatwa ndogondogo sana, basi ondoa vikonyo vyote na tumia kisu kikali. Mahali pake hasa ni juu ya samaki wa kukaanga, viazi au supu, ikitiwa sufuria ikishaepuliwa. Mikunjo huficha mchanga: itumbukize kwenye bakuli la maji, itikise, itoe, mwaga maji, rudia mpaka maji yabaki safi.

Ikishakauka maji, ifunge kwenye kitambaa ndani ya mfuko uliolegea. Hukaa kwenye friji wiki moja na zaidi. Kuianika kunaiacha na harufu kama ya nyasi. Ya akiba ikate, ijaze kwenye vibati vya barafu na maji kidogo, igandishe.

Na kama kuna mtu nyumbani anayetumia wafarini kuzuia damu isigande, asibadilishe ghafla kiasi anachokula, kwa kuwa paseli ina vitamini K nyingi inayopingana na dawa hiyo. Amwone daktari wake. Wajawazito watumie kiasi cha kiungo cha chakula tu, wasinywe juisi yake wala mafuta yake.