Mkono unaokwenda kiunoni usiende mtupu

Mkuu, umeuliza kwa nini sensei, mwalimu wako wa karate, anakufokea kila ukizuia kwamba mkono wa pili haujafika kiunoni, wakati wewe unaona kuushusha huko ni kumwachia mtu uso wazi. Hoja unayo. Mimi nilibishana na jambo hilo hilo mpaka nikafika mkanda wa kahawia.

Miaka hiyo nilikuwa nazuia kwa mkono mmoja, mwingine naurudisha kiunoni kama niko gwarideni. Vigasha vilikuwa vimevilia damu muda wote, nikajiona ngangari. Siku moja mwenzangu, fundi magari mwenye mikono kama nondo, akanirushia ngumi ya tumbo. Nikashusha gedan barai, zuio la kufagia chini kwa kigasha, safi kabisa. Ngumi ikapita kama sipo.

Mzee mmoja pale dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, akaniita pembeni, akasema nimpige ya kulia, polepole. Unajua kabla ya gedan barai ya kushoto tunanyoosha mkono wa kulia mbele, ngumi ya kushoto ikiwa sikioni? Wote tunasema "kujiandaa". Basi kile kiganja chake cha kulia ndicho kilichonigusa kwanza. Kikateleza hadi kwenye kifundo cha mkono wangu, kikakamata gi, vazi letu la karate, kikavuta kwenda kiunoni huku kikizungusha. Kigasha cha kushoto kikanishukia juu kidogo ya kiwiko. Nikajikuta natazama sakafu, mguu mmoja hewani. Yaani mkono niliokuwa nauita mzuiaji ulifika wa pili, kumalizia tu.

Majina yenyewe yanasema. Hikite, jina la mkono huo unaokwenda kiunoni, ni mkono unaovuta, na neno la Kijapani uke, tunaloliita kuzuia, linatokana na ukeru, kupokea. Funakoshi, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alieleza hivyo hivyo: unamkamata mtu, unamvuta, unamyumbisha. Motobu Choki, mwanakarate wa Okinawa, alisisitiza meotode, mikono ya mume na mke, yote miwili mbele ikifanya kazi pamoja. Hata Heian Shodan, kata yetu ya wanaoanza, yaani mapigo yaliyopangwa ya kufanya peke yako, baada ya kugeuka nyuma na kuzuia chini, unauvuta mkono kwa mzunguko kisha unashusha nyundo ya ngumi. Unajinasua kwa mtu aliyekushika. Sasa kama kata inakufundisha kujinasua, ina maana kushikana kulikuwemo tangu mwanzo.

Kwenye shuto uke, zuio la ubapa wa kiganja, mkono wa pili hata kiunoni hauendi, unabaki mbele ya chembe cha moyo, tayari kwa kinachofuata.

Kwenye kumite ya kawaida, yaani kupambana na mwenzako, kama hujakamata kitu, mikono ibaki juu, ukiushusha utakula ngumi ya pua. Hapo sikupingi.

Jaribu na mwenzako, wote mmevaa gi, ngumi ya taratibu, umshike mkono wa gi lake kabla hujashusha kigasha. Halafu usibonyeze kwa nguvu zako zote, kiwiko chake anakihitaji kazini Jumatatu.