Jua Lilipo Jua Kabla Hujainua Kamera

Wanaoniuliza kuhusu picha za safari karibu wote huanza na kamera: ni ya aina gani, ina lenzi ngapi, iligharimu kiasi gani. Swali hilo si baya, ila limetangulia mahali pasipo pake. Jengo halisogei na mlima hausogei. Kinachosogea ni jua, na picha mbili za jengo lile lile, zilizopigwa kwa kamera ile ile, moja saa mbili asubuhi na nyingine saa saba mchana, huweza kuonekana kana kwamba zimepigwa na watu wawili wasiokaribiana hata kidogo kwa uwezo. Kwa hiyo ushauri ninaoutanguliza mbele ya mwingine wote ni huu: kabla hujakata tiketi, fahamu uso wa kile unachokwenda kukipiga picha unaelekea upande gani, na jua litakuwa upande gani katika mwezi utakaofika huko.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tunahitaji tahadhari ya ziada, kwa sababu sehemu kubwa ya vitabu na video za mafunzo ya upigaji picha hutengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Mwalimu wa London anapokwambia kwamba ukuta wa kusini ndio wenye mwanga na wa kaskazini ndio wenye kivuli, anasema kweli ya kwao. Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya vipindi hivyo, yaani wakati wa masika na kipupwe, jua hupitia kaskazini kutwa nzima, na ukuta unaoelekea kusini hauonji mwanga wa moja kwa moja hata saa moja. Ukienda Mji Mkongwe mwezi wa Julai ukitarajia kupiga picha ukuta wa namna hiyo, hata ungeamka alfajiri na kungoja hadi magharibi, utauona umepooza vile vile. Rudi Desemba, na ukuta huo huo utakuwa umewaka.

Tofauti ya pili ni kasi. Kwetu jua hushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu hupita upesi, na tangu jua lizame hadi giza kuingia ni dakika 20 na ushei tu. Kaskazini ya mbali mambo ni mengine kabisa: katika visiwa vya Lofoten, Norway, jua la kiangazi hutambaa karibu na upeo wa macho kwa saa nyingi, na kwa majuma kadhaa halizami kamwe, hivyo mpigapicha ana nafasi ya kubadilisha mahali, kula, kurudi, na bado akaukuta mwanga unamsubiri. Aliyezoea starehe hiyo akija Bagamoyo hubaki akifungua begi wakati mwanga umekwisha kuondoka. Nyumbani, mahali pa kusimama pachaguliwe mchana, na kamera iwe tayari kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Sasa, kuna njia nyepesi ya kukisia jengo linaelekea wapi hata kabla ya kufungua ramani, nayo sijaiona ikifundishwa sana: uliza watu wake husali wakielekea wapi. Msikiti hujengwa kwa kufuata kibla, na kibla hubadilika kwa kadiri ulivyo mbali na Makka na upande uliopo. Katika pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo mihrabu, yaani kile kishubaka kinachoonyesha kibla, ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani iko kwenye ukuta wa kaskazini, na upande wa nje wa ukuta huo hupata jua katika ile miezi ya katikati ya mwaka niliyoitaja. Djenné, nchini Mali, kibla ni mashariki; ule ukuta mashuhuri wa udongo wenye minara mitatu, uliojengwa upya mwaka 1907, ndio ukuta wa kibla wenyewe, nao unatazama uwanja wa soko. Mwanga wake kwa hiyo ni wa asubuhi, jua linapopiga vijiti vya mvumo vilivyochomoza ukutani na kila kijiti kikatupa kivuli chake juu ya udongo. Hali ya usalama haijaniruhusu kufika huko, lakini wakati wake ninaujua tangu sasa.

Mfano unaofundisha zaidi kuliko yote ni Taj Mahal, kaburi la marumaru lililoko Agra, India. Mfalme Shah Jahan alianza kulijenga mwaka 1632, baada ya kufiwa na mkewe Mumtaz Mahal mwaka uliotangulia, na kila mgeni anaifahamu picha yake moja: bustani, mfereji wa maji, na kuba nyeupe katikati. Picha hiyo hupigwa kutoka lango la kusini, na kwa kuwa Agra iko kaskazini mwa Tropiki ya Kansa, mstari ambao jua la utosini halivuki kwenda kaskazini zaidi, upande huo hupata jua karibu muda wote wa mchana, jambo ambalo ni heri kwa mwenye haraka na ni hasara kwa mwenye kutafuta umbo, kwa maana marumaru nyeupe ikipigwa na mwanga wa mbele hupoteza kina na kuonekana bapa. Lakini kuna majengo mawili ya mawe mekundu pembeni. Lile la magharibi ni msikiti, kwa sababu kibla ya Agra ni magharibi. La mashariki, linaloitwa Jawab, ni pacha wake lililojengwa ili kuleta mlingano, wala halikukusudiwa kusaliwa. Asubuhi na mapema simama kwenye matao ya Jawab: jua liko mgongoni mwako, linapiga ubavu wa mashariki wa kaburi, na tao jekundu lenye giza linakuwa fremu ya marumaru iliyoanza kupata rangi. Jioni fanya kinyume chake, usimame upande wa msikiti. Umati wote wakati huo uko kwenye mfereji, unagombania benchi. Usiende Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo eneo hufungwa kwa watalii, na ukienda Desemba au Januari ujiandae kwa ukungu mzito ambao huweza kulifuta jengo zima mbele ya macho yako hadi asubuhi iishe.

Makanisa makuu ya zamani ya Ulaya yana kanuni yao: madhabahu huwa mashariki, kwa hiyo mlango mkuu wenye sanamu na minara huelekea magharibi. Notre-Dame ya Paris, iliyoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, iko hivyo. Mtalii anayefika asubuhi akakuta uso wa kanisa umo kivulini huku anga nyuma yake likiwa jeupe kama karatasi hana sababu ya kulaumu simu yake. Arudi baada ya saa tisa alasiri. Asubuhi ni wakati wa kuingia ndani. Kanuni hizo mbili, ya kanisa na ya msikiti, hukutana Istanbul katika Ayasofya, jengo lililokamilika mwaka 537 kama kanisa na baadaye likawa msikiti: mhimili wake ni wa kanisa, lakini mihrabu imewekwa kando kidogo ili iikabili Makka, na anayepanga picha ya ndani kwa kufuata ulinganifu atagundua kwamba kitu kimoja kimekataa kukaa katikati. Mimi huuacha mkengeuko huo uonekane, kwa sababu ndimo historia ya jengo ilimo.

Baada ya kusema yote hayo kuhusu asubuhi na jioni, inanipasa kuutetea mchana, ambao wapigapicha wengi huusingizia. Tazama mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe. Ule wa mtindo wa Kiarabu una kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi chenye maandishi ya Kurani. Wa Kihindi una tao juu na misumari ya shaba iliyochongoka. Miimo yake imechongwa mnyororo, mawimbi, samaki au yungiyungi, na mchongo wenyewe si wa kina kirefu. Jua la jioni likiupiga mlango huo usoni moja kwa moja, nakshi yote hulala. Lakini karibu na saa sita mchana, jua likiwa juu sana na mlango ukiwa upande linakoinamia, mwanga hushuka ukiparaza ubao kutoka juu kwenda chini, kila ukingo wa patasi hupata mstari mwembamba wa kivuli chini yake, na msumari wa shaba hung'aa juu huku ukitupa kivuli kirefu kwenye ubao. Katika vichochoro vile vyembamba hali hiyo hudumu kwa dakika chache tu, kisha ghorofa ya upande wa pili huufunika mlango. Ndiyo maana huutafuta mlango wangu mapema, nikasalimia wenye nyumba, nikaomba ruhusa, nikangoja.

Milima nayo ina ratiba yake. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, huonekana wazi alfajiri, kisha joto la mchana hupandisha hewa yenye unyevu juu ya miteremko na mawingu hukifunika kilele, mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi. Jioni huweza kufunuka tena kabla ya jua kuzama. Picha nyingi za mlima huo zenye tembo mbele hupigwa Amboseli, Kenya, yaani kutoka kaskazini mpigapicha akitazama kusini, na hapo tena msimu una neno lake: mwezi wa Juni jua huchomoza upande wa kaskazini-mashariki na kuupa mlima mwanga mzuri, ilhali Desemba huchomoza kusini-mashariki, na sehemu kubwa ya miteremko unayoitazama hubaki kivulini. Picha za Desemba si mbaya, zina ukali wake, ila usizitarajie zifanane na za Juni.

Jambo moja huwavunja moyo wengi wanapofika pale. Mlima uliojaa macho yao hugeuka kichuguu ndani ya picha, na kosa ni la lenzi pana, ambayo hukivuta karibu kilicho mbele na kukisukuma mbali kilicho nyuma. Kutoka Amboseli hadi Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ni kilomita 40 hivi. Rudi nyuma, mbali na mti au tembo unayemtaka, kisha tumia lenzi ndefu, na mlima utasimama nyuma yake kwa ukubwa unaoukumbuka. Anayetumia simu na atumie ile kamera yake ya kuvuta mbali, ikiwa anayo, badala ya kukuza kwa vidole.

Kwenye majengo shida ya lenzi ni nyingine: ukiiinua kamera kutazama juu, kuta huonekana kuinamiana kuelekea angani. Dawa ni kuiweka kamera wima sawasawa na kusogea nyuma, au kupanda ghorofa ya pili ya jengo la jirani, na kilichobaki kinyooshwe kwa programu nyumbani, kwa kiasi. Nasema kwa kiasi kwa sababu si kila kilichoinama kimeinamishwa na lenzi. Minara minne ya Taj Mahal imejengwa ikielemea nje kidogo kwa makusudi, na ukiinyoosha hadi iwe wima kamili umebuni jengo ambalo halipo Agra.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa ufupi. Taj Mahal hairuhusu stendi za kamera. Moroko huzuia droni forodhani, na Tanzania inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla hujairusha, mbali na masharti ya hifadhi zenyewe. Mnara wa Eiffel wa mwaka 1889 uko huru mchana, lakini mpangilio wa taa zake za usiku unalindwa na hakimiliki, jambo la kuzingatiwa na anayetaka kuuza picha. Bandari, ikulu na kambi za jeshi ziache, popote ulipo.

Mwisho, katika kila jengo, baada ya picha ya kupendeza, piga na ile isiyopendeza: ya mbele moja kwa moja, jengo zima likiwa ndani ya fremu, kisha pembe zake, nguzo, dari na nyufa. Beit el-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilisimama ikiitazama bahari ya Forodhani miaka yote, na kila mtalii ana picha yake yenye machweo. Desemba 2020 sehemu kubwa yake ilianguka. Picha ya machweo haimwambii fundi dirisha lilikuwa wapi wala nguzo ilishikana vipi na roshani. Andika pia tarehe, saa, na upande uliokuwa unautazama, kwa sababu saa ya kamera uliyosafiri nayo huenda bado inasoma wakati wa nchi uliyotoka.