Siku ya sanaa na muziki ufukweni: tazama mwezi kabla ya kuita wanamuziki

Waandaaji wengi huanza kwa kutafuta kikundi cha taarabu. Katika mtaa wa pwani ya Unguja, tazama mwezi kwanza. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa kati ya saa kumi alasiri na saa kumi na mbili jioni, saa zile zile watu wanapofika kwa wingi. Jukwaa ulilolisimamisha asubuhi kwenye mchanga mkavu litakuwa na bahari miguuni. Chagua maji mafu: tarehe 8 au 9 ya mwezi wa Kiislamu, ama 23 au 24. Hapo alasiri maji huwa yamekupwa, na hata yakijaa hayapandi mbali. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu.

Ukishapata tarehe, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani, naye atakuelekeza vibali vingine.

Jukwaa lipe upepo mgongo. Sauti itasafiri na upepo hadi kwa watu, na maikrofoni haitapigwa usoni. Hata hivyo ivike sponji, hasa wakati wa kusi, upepo wa kusini, la sivyo hotuba itasikika kama tanga linalopigapiga. Spika zitangulie mbele ya waimbaji. Zikiwa nyuma yao, maikrofoni huzinasa na kupiga mluzi.

Kwa spika mbili za wati 1,000, mikisa na taa chache, jenereta ya kVA 5 inatosha na kubaki na akiba. Isimame upande upepo unakokwenda, mbali na watu. Kinachoharibu shughuli mara nyingi ni mwenye juisi: akiwasha blenda au friji kwenye waya wa muziki, umeme hushuka ghafla na amplifaya hujizima. Mpe waya wake. Viungio vya waya vining'inizwe juu, visilale mchangani.

Sasa ala. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na jua likiipiga zote hupoteza sauti zake. Itengewe kivuli tangu inapofika, na mpigaji apewe nusu saa ya kukaza nyuzi pale pale atakapopigia. Ngoma za ngozi hulegea jioni kwa unyevu. Washa moto mdogo wa makumbi makavu, zipashwe kabla ya kila zamu, ngozi ikielekea moto kwa umbali wa mkono. Ukizisogeza zaidi zinapasuka. Kikundi cha kidumbaki, taarabu ndogo ya ngoma, kiwekwe tayari muda wote: fidla, sanduku (besi ya kienyeji), vidumbaki viwili (ngoma ndogo) na cherewa (kayamba za mkononi) havihitaji umeme, basi jenereta ikizima watu hawaondoki.

Meza ya watoto isiwe na rangi za mafuta, zile za tingatinga. Hukaa mbichi kwa saa nyingi, na kila punje ya mchanga hunata. Tumia rangi za maji, na karatasi zibanwe kwa vibanio vya nguo. Wasuka ukili na wapaka piko waketi ukutani, penye kinga ya upepo.

Ratiba ianze saa nane, inyamaze kwa adhana na sala ya alasiri, imalizike robo saa kabla ya magharibi. Onyesho kubwa lipange saa kumi na nusu. Ukiliacha la mwisho litakatwa.

Usiku huo huo futa plagi na spika kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Chumvi haingoji asubuhi.